Mkwe wa Kitanda Namba Tisa

Jumatatu, 9 Agosti 1971

Sista Nyanchera, mkuu wa wodi yetu, amerudi kutoka Nairobi. Miezi mitatu ya kozi, na sasa sisi wote ni wajinga. Asubuhi ametupanga ofisini kama watoto wa darasa la kwanza, manesi sita na Abner dresa, mfunga vidonda wetu, akatuambia mambo ya zamani yamekwisha. Zamani mmoja anapima joto wodi nzima, mmoja anasafisha vidonda, mmoja anatandika vitanda. Kuanzia leo kila nesi atakuwa na wagonjwa wake mwenyewe, awatunze tangu waingie mpaka watoke. Mwili, roho, chakula, hofu, habari za nyumbani kwao — vyote.

"Mgonjwa si kidonda," anasema. Amesema mara nne. Nimehesabu.

Halafu habari ya kiti. Eti tuvute kiti tukae, tusimsimamie mgonjwa kama askari jela. Tuulize swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha tufunge midomo tusikilize. Esnah, huyu mgeni wa kutoka Nyamira, anaandika kila neno. Mimi nina miaka mitatu katika wodi hii ya wanaume waliopasuliwa. Wagonjwa thelathini, viti viwili, na kimoja kina miguu mitatu. Nikae wapi, kichwani kwake?

Aende huko na kozi yake.

Jumanne, 10 Agosti

Mungu ananichezea.

Saa nne wameleta mzee kwa pickup kutoka Birongo. Ngiri imekwama, utumbo umejibana, tumbo gumu kama mbao. Majirani wawili walimbeba, wakamwacha, wakaondoka na gari lile lile. Daktari akampeleka thiata kumpasua papo hapo. Orodha mpya ya Sista inakwenda kwa zamu: mgonjwa anayefuata ni wa nesi anayefuata. Nesi anayefuata ni Kwamboka. Ni mimi. Kitanda namba tisa.

Nikasoma kadi. Onchiri, wa Birongo. Nikaisoma tena. Ndiye. Baba yake Makori. Baba mkwe wangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kigusii mkono wangu utaona haya. Kwetu mokamwana na baba wa mumewe hawapeani hata mkono. Hakai alipokaa, hapiti kitandani kwake. Kuona uchi wake — afadhali ardhi ipasuke. Hiyo ndiyo chinsoni, na yeyote aliyezaliwa milima hii anaijua kabla hajajua kuhesabu. Na ngiri iko wapi? Kinenani! Kati ya vitanda vyote na magonjwa yote.

Na huyu ndiye aliyenifukuza. Niandike vizuri nisije nikajidanganya baadaye. Miaka mitatu iliyopita, niliposhushwa kutoka wodi ya watoto nikaletwa hii ya wanaume, alikaa nje ya nyumba yake na wazee wenzake akasema mwanamke anayeosha wanaume wageni hawezi kutia mikono ile ile katika chungu cha boma lake. Makori alikuwa amekuja likizo kutoka mashamba ya chai ya Kericho. Alitazama viatu vyake. Mwaka haukwisha akamwoa Nyamusi. Na binti yangu Bitutu akabaki kule, maana mtoto ni wa boma. Alikuwa na miaka mitatu. Sasa sita. Pasaka nilikwenda na gauni lake. Mzee akanitumia neno langoni: hapa huna mtu.

Ningemwambia Sista leo, mzee angepewa Esnah na mambo yangekwisha. Sikusema. Nikisema ni mkwe wangu, nani kaniruhusu? Yeye kasema sina mtu kule. Basi aseme yeye kwanza! Akiikataa mikono yangu kwa ajili ya chinsoni, atakuwa amekiri mbele ya wodi nzima kwamba mimi ni mokamwana wake. Na kama mimi ni mokamwana wake, Bitutu ana mama.

Nangoja aseme.

Jumatano, 11 Agosti

Ameamka. Ameniona. Nilikuwa nimeshika beseni. Tulitazamana kwa muda wa kumeza mate, kisha akageukia ukuta na shuka akaivuta mpaka sikioni.

Hakusema kitu. Nilijua. Mzee si mjinga, amekwisha kuona mtego uko wapi. Akisema "huyu asiniguse," wataulizana kwa nini.

Nikamwita Abner. Abner hana maswali, ni mtu wa kazi na nyimbo. Ameweka skrini ya kitambaa kuzunguka kitanda, amemwosha, amembadilishia shuka. Mimi nimeandika kwenye chati kwamba nimefanya mimi. Sista kapita akauliza mgonjwa wangu ananiambia nini. Nikamwambia anapumzika.

Jirani yake, kitanda namba kumi, ni Salat. Msomali wa mjini Kisii, anauza ng'ombe. Fahali alimkanyaga mnadani, mguu wote umo ndani ya plasta ngumu, na mdomo haukuguswa. Anamsemesha mzee kwa Kiswahili tangu asubuhi. Na mzee anamjibu! Kiswahili cha mashamba ya chai, lakini anajibu. Mimi ninapokaribia, kimya.

Alhamisi, 12 Agosti

Abner amefungua kidonda. Nilisimama nje ya skrini nikauliza kikoje, akasema kizuri, kikavu, hakuna wekundu. Daktari ameagiza kisafishwe kila siku.

Halafu Abner, huku akinawa mikono, ananiambia kesho anakwenda makambi. Juma zima! Kanisa lao linapiga hema na yeye anaongoza sauti ya chini. Nilisahau kabisa kwamba ni Agosti. Nikamwambia aombe ruhusa ya siku mbili tu. Akacheka, akasema Bwana hafanyi makambi ya siku mbili.

Kesho nani ataniwekea skrini?

Esnah yupo, ndiyo. Lakini Esnah ataniuliza kwa nini nisimsafishe mgonjwa wangu mwenyewe, na kabla ya chai ya saa nne Sista atakuwa amejua.

Ijumaa, 13 Agosti

Niliandaa trei. Pamba, kibano, dawa, plasta. Nikaweka skrini. Nikaingia.

Mzee ameushika ukingo wa blanketi kwa mikono miwili. Macho ukutani. Nikauona mshipa wa shingo unavyopiga. Na mimi mikono yangu ikakataa. Nimesafisha wanaume mia ngapi? Kwa huyu ilikataa. Chinsoni haina habari kwamba nimefukuzwa.

Nikakata vipande viwili vya plasta. Nikaviweka kando ya mto wake, na kitambaa safi cha pamba. Nikatoka nje ya skrini nikasimama nikihesabu madirisha. Niliporudi alikuwa amebandika mwenyewe, plasta mpya juu ya ile ya Abner. Imekwenda upande. Vitu vya zamani vyote viko chini yake pale pale.

 Tumeelewana kama wezi.

Nimeandika: kidonda kimesafishwa, kikavu.

Jumamosi, 14 Agosti

Sabato, niko kazini. Plasta kando ya mto. Kabandika. Nimeandika kikavu.

Sista kaniita ofisini. Anaona mgonjwa wangu anakunja uso, hali vizuri. Je, nimevuta kiti? Nimemuuliza anaogopa nini? Nikajibu mzee ni mkaidi, hapendi wanawake. Sista akasema hakuna mgonjwa mkaidi, kuna nesi asiyesikiliza. Nilitaka kumtupia faili.

Jumapili, 15 Agosti

Joto limepanda. Mia moja na nukta kwa Farenhaiti. Nimeandika tisini na tisa.

Saa ya kutazama wagonjwa nilijificha katika chumba cha mashuka. Nilijua watakuja. Amekuja Nyamusi peke yake, na kibuyu cha uji, na leso yangu ya zamani mabegani — yangu, niliyoinunua mimi Kericho! Nilichungulia kwenye ufa wa mlango nikitafuta kama kuna mtoto nyuma yake. Hakuna. Nyamusi naye ni mokamwana, kwa hiyo alisimama mbali, miguuni pa kitanda, akitazama chini, akauweka uji kwenye kabati na kumwomba Salat amfikishie. Salat akacheka, akasema nyinyi watu wa hapa mna kazi. Dakika tano, akaondoka.

Mzee hakumwambia kwamba niko hapa. Hakumwambia pia kwamba kidonda kinamwuma.

Sasa niseme jambo ambalo sitalisema popote. Nilipokitoa kile kipimajoto nikaona zebaki imepita mia, nilifurahi. Si kidogo. Nilisimama pale na furaha imenijaa kifuani. Nikawaza: akifa, nani atasimama langoni?

Nimeandika. Basi.

Jumatatu, 16 Agosti

Mia na mbili. Nimeandika mia moja.

Salat kaniita. Kwa kawaida ananitania, ananiambia dada Kwamboka ungekuwa ng'ombe ningekununua bila kubembeleza. Leo hakutania. Ananieleza kwamba mzee hakulala, anasaga meno, anasema kinena kinawaka na kuna majimaji yanashuka pajani. Nikauliza kwa nini haniambii mimi. Salat akasema hata yeye alimuuliza, na mzee akajibu kwamba kuna watu wa kuambiwa na watu wa kutoambiwa.

"Dada, mimi si mtu wa kwenu, sijui mna nini," akasema. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe unamsaidia kuficha."

Nilimwambia aangalie mguu wake. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko la hospitali nikitazama moshi. Msomali wa ng'ombe ananifundisha kazi! Na ana haki. Hilo ndilo linalonichoma.

Nikarudi. Nikasimama upande wa ukuta, anionapo hata asipotaka. Nikauliza kwa Kiswahili, maana kwa Kigusii nisingeweza, "Mzee, unaumwa wapi?"

Akafumba macho. Nikangoja. Nilingoja muda mrefu, kama anavyotaka Sista, mdomo nimeufunga. Midomo yake ikatingishika. Halafu akasema, lakini kwa Salat, juu ya kichwa changu: "Bwana, mwambie huyo mimi ni mzima."

Shauri yake! Nimefunga zamu nikaenda zangu.

Lakini nyumbani sikula. Nikifumba macho naiona plasta ile, imekwenda upande.

Jumanne, 17 Agosti

Niko ofisini kwa Sista. Nimepewa karatasi niandike maelezo. Naandika humu kwanza.

Asubuhi harufu ilinipokea kabla sijafika kitandani. Kila nesi anaijua. Mia na tatu na nusu. Mzee anatetemeka mpaka kitanda kinalia, midomo imepasuka. Nikaweka skrini. Nikaleta trei. Nikamwambia Salat, kwa sauti ya kusikika, amwambie mzee kwamba leo plasta inafunguliwa apende asipende, kama si na mimi basi na mwingine, maana akiendelea hivi hafiki Ijumaa.

Salat akamwambia, upande wa pili wa skrini, ingawa sote tulikuwa pale na sote tulisikia.  Nilisikia mzee anavuta pumzi. Kisha akajibu polepole, kila neno akilitafuta.

"Mwambie nesi, mimi mkwe wangu ni mmoja. Anaitwa Nyamusi, yuko Birongo. Huyu hapa simjui. Ni nesi tu. Afungue."

Akaachilia blanketi. Akajifunika uso kwa mkono.

Mjanja! Amelala pale siku sita akitafuta mlango na ameupata. Kama mimi si mkwe, hakuna chinsoni. Kama hakuna chinsoni, mikono yangu ni mikono tu, inaweza kumponya. Na akipona anarudi Birongo, na neno amekwisha kulisema mbele ya shahidi: simjui. Nifungue tu, nitakuwa nimekubali. Nikimgusa, sina mtoto.

Nilikuwa nimekwisha kushika kibano. Harufu ile. Mtu anaoza mbele yangu na kazi yangu naijua, ni dakika kumi. Nilimchukia mpaka meno yakauma.

Nikakiweka kibano chini. Nikamwambia yeye, si Salat, na kwa Kigusii:

"Mimi ni mama Bitutu. Sifungui."

Wodi nzima ikageuka. Hata wale wa mwisho kule dirishani. Sista akasukuma skrini. Sijui alisimama pale tangu lini. Akauliza mama Bitutu ni nani. Nikamwambia ni mimi, na huyu ni baba mkwe wangu, na kidonda hakijafunguliwa tangu Abner Alhamisi, na yote niliyoandika kwenye chati tangu Ijumaa ni uongo, hata joto. Nilisema bila kupumzika. Kama ningepumzika nisingemaliza.

Nilidhani atanipiga kofi. Aliichukua chati, akaitazama, akaitazama plasta, akauliza nani amebandika hivi. Nikasema yeye mwenyewe. Sista ni binti wa Masimba, Mgusii kama sisi. Hakuuliza zaidi. Nikaona ameelewa yote, na kuelewa kwake hakukunisaidia kitu.

"Miezi mitatu nimefundishwa kuuliza wagonjwa," akasema. "Sikukuuliza wewe."

Halafu akabadilika sauti. Akasema huyu akifa, nimemwua mimi, na yeye mwenyewe ataandika hivyo kwa matron, mkuu wa manesi wote, chinsoni au si chinsoni. Nitoke.

Esnah amefungua. Nimesikia kutoka huku. Mzee alilia mara moja, sauti ya mtoto, kisha nikasikia Esnah anamwambia pole baba, pole, na anauliza akishika hapa inakuwaje, na mzee anajibu! Anajibu maneno mengi. Kinawaka tangu Ijumaa usiku. Kinapiga kama ngoma. Usaha ulianza Jumapili. Yote alikuwa nayo mdomoni siku zote hizi. Nikaweka mikono masikioni.

Daktari kaja. Amesema ndani kumeoza, lazima arudishwe thiata leo, kikatwe, kioshwe, na hata hivyo haahidi. Kuna fomu ya ruhusa. Mzee ataweka dole gumba, lakini ana homa kali hivyo daktari anataka na ndugu atie sahihi. Makori yuko Kericho. Birongo mtu hawezi kufika kabla ya jioni, na daktari anasema hangojei hata saa sita.

Wamemuuliza mzee ana ndugu gani hapa karibu. Sista amekuja kuniambia mwenyewe, amesimama mlangoni na fomu mkononi, uso kama jiwe. Anasema mzee alikataa kujibu mara ya kwanza. Mara ya pili akaonyesha ofisi kwa kidole.

"Mwiteni mama Bitutu," amesema. Esnah amesikia, Salat amesikia, wodi nzima imesikia.

Sijasimama. Nimemwambia Sista anipe dakika moja na fomu aiache mezani.

Amekiri. Miaka mitatu na leo amekiri. Lakini namjua yule, hatoi kitu bure. Akitoka thiata hai, nina mtu Birongo. Akifia mezani, boma zima litauliza ni mkono wa nani ulioruhusu kisu, na mkono ni wangu, na chati ya uongo ni yangu, na sitakanyaga lango lile mpaka Bitutu awe bibi. Huenda hakuwaza hivyo. Huenda anaogopa tu, ni mzee, anataka mtu wa kwao. Sijui! Sikumuuliza. Siku sita nilikuwa naye na sikujua hata kama anaogopa.

Jina nimeandika. Kwamboka, kwa wino. Chini yake kuna mstari: uhusiano na mgonjwa. Nimeweka kalamu pale na sijaandika. Machela imekwisha kupita koridoni, nasikia gurudumu lile linalolia. Sista ananiambia daktari amekwisha kunawa.